Kutoka Kodi ya Kibanda hadi Ruzuku ya Kaya Maskini

Marehemu babu yangu aliacha kasha dogo la bati. Ndani yake, pamoja na cheti cha ubatizo na barua mbili tatu zilizofifia, mlikuwa na stakabadhi za kodi zilizofungwa kwa uzi. Alizitunza kama mtu anavyotunza hati ya shamba, kwa sababu katika ujana wake mwanamume aliyekutwa bila stakabadhi aliweza kukamatwa na kupelekwa kulima barabara. Miaka mingi baadaye, nikiwa katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Chamwino kwa shughuli za utafiti, nilikaa kivulini na bibi mmoja aliyekuwa akisubiri siku ya malipo. Alifungua fundo la khanga, akanionyesha kitambulisho chake cha mlengwa wa TASAF, akasema: "Mwanangu, serikali inanijua kwa hiki."

Stakabadhi ile na kitambulisho kile ni karatasi za ukoo mmoja. Zote mbili zinahusu fedha taslimu inayopita kati ya dola na kaya ya kijijini. Kilichobadilika ni upande inakoelekea. Hata hivyo, mjadala wetu kuhusu Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini huendeshwa kana kwamba historia ilianza siku mpango huo ulipozinduliwa. Anayeupinga husema kwamba serikali inawazoesha watu vya bure. Anayeutetea husoma orodha ya kaya zilizonunua mbuzi. Wote wawili husahau swali ambalo mwanahistoria angelitanguliza: fedha iliingiaje katika kaya hiyo hapo mwanzo, na ni nani aliyeilazimisha iingie? Naomba tulijibu swali hilo kwanza, maana bila jibu lake hatuwezi kuamua kwa haki kama ruzuku hii ni fadhila, ni mkopo au ni deni linalolipwa.

Fedha ilipoingia kama amri

Serikali ya kikoloni ya Wajerumani ilitunga amri ya kodi ya nyumba na vibanda mwaka 1897, ikaanza kutumika mwaka uliofuata. Kwa vibanda vya vijijini kiwango kilikuwa rupia 3 kwa mwaka. Mwanzoni iliruhusiwa kulipa kwa mazao au kwa kazi, kwa kuwa wengi wa wananchi hawakuwa na rupia hata moja. Hapo ndipo penye siri ya kodi yenyewe. Lengo lake halikuwa mapato peke yake. Mashamba ya walowezi yalihitaji mikono, na mkulima mwenye ghala la mtama na zizi la ng'ombe hakuwa na sababu ya kwenda kuuza nguvu zake kwa mgeni. Kodi ilimtengenezea sababu. Alitakiwa kuwa na sarafu, na sarafu ilipatikana kwa njia mbili tu: kuuza mazao yanayotakiwa na mtawala au kujiuza mwenyewe kama kibarua.

Mwaka 1905 mkazo wa kulipa kwa fedha taslimu uliongezwa. Julai ya mwaka huo huo, kule Nandete katika nchi ya Wamatumbi, wananchi waling'oa miche ya pamba katika shamba la kulazimishwa, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Wanafunzi wangu huvisoma vita hivi kama habari ya dawa ya maji na mganga Kinjeketile. Ni sawa, lakini wasisahau kwamba zao la lazima, kazi ya lazima na kodi zilikuwa nyuzi tatu za kamba moja.

Waingereza hawakuikata kamba hiyo. Waliifuma upya kwa sheria ya kodi ya kibanda na kichwa ya mwaka 1922. Mwanamume mwenye wake wawili katika nyumba mbili alilipia nyumba mbili. Kijana asiye na nyumba alilipia kichwa chake. Maelfu ya wanaume wa Kigoma, Songea na Singida waliingia katika safari ndefu za kwenda kwenye mkonge wa Tanga, wakawa manamba. Nyumbani alibaki mwanamke na jembe, watoto na wazee. Leo tunaposoma katika ripoti kwamba kaya nyingi maskini zinaongozwa na wanawake, tunaandika kana kwamba ni sifa ya asili ya vijiji vyetu. Sehemu ya hali hiyo ilitengenezwa na sheria, kwa makusudi, ili mkonge ukatwe.

Ugogo kulikuwa na somo kali zaidi. Mvua za nchi ile hazijawahi kuwa za kutegemewa, nao Wagogo waliishi kwa kuzisoma. Ng'ombe alikuwa benki. Mwaka mbaya ulipokuja, mifugo ilibadilishwa kwa nafaka, au watu walikwenda kuhemea kwa ndugu na marafiki wa nchi jirani. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika, majeshi ya pande zote mbili yalichukua nafaka, yalichukua ng'ombe, yalichukua wanaume kuwa wapagazi. Kisha mvua ikakata. Njaa iliyofuata, kati ya mwaka 1917 na 1920, inakumbukwa kwa jina la Mtunya, na iliua makumi ya maelfu ya watu. Ukame ulikuwa umekuja mara nyingi kabla ya hapo bila kuleta msiba wa kiasi hicho. Safari hii ulikuta kaya zimekwisha kunyang'anywa akiba zilizokuwa zikizivusha.

Mwaka 1981 mwanauchumi Amartya Sen alichapisha kitabu kilichoeleza kwamba watu wengi hufa njaa si kwa sababu chakula hakipo nchini, bali kwa sababu wamepoteza uwezo wa kukipata. Mzee wa Ugogo aliyeipitia Mtunya asingehitaji kusoma kitabu hicho.

Uhuru na shaka juu ya fedha

Tanganyika iliyopata uhuru mwaka 1961 ilirithi mashaka ya haki kabisa kuhusu fedha. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilituonya kwamba taifa maskini linakosea linapoifanya fedha kuwa silaha yake ya kujiletea maendeleo. Msingi ulikuwa watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Fedha ingekuja kama tunda. Kodi zilizomwelemea mwananchi wa kijijini zikafutwa mwaka 1969. Badala ya kumpa mkulima sarafu, dola iliahidi kumpa huduma: shule, zahanati, maji, elimu ya watu wazima.

Chamwino ni mahali pazuri pa kuitazama ahadi hiyo ikitembea. Operesheni Dodoma ya miaka ya 1970 na 1971, iliyofuata ukame, iliwakusanya watu katika vijiji kabla ya operesheni kubwa ya nchi nzima kati ya mwaka 1973 na 1976. Nimesikia simulizi za nyumba zilizobomolewa na za watu waliopakiwa kwenye malori pamoja na kuku wao, wala sitaki kuzifunika. Lakini nimesikia pia, kwa vinywa vile vile, kwamba mtoto wa kwanza wa ukoo kujua kusoma alijifunza katika shule iliyojengwa baada ya kuhamia kijijini. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliharakisha elimu ya msingi kwa wote, na zahanati zikaenea. Nasisitiza jambo hili kwa sababu tutalirudia: kama pasingekuwa na shule na zahanati hizo, mpango wa leo wa ruzuku usingekuwa na mahali pa kusimama.

Kilichokosekana katika mfumo ule ni kinga ya kaya yenyewe. Dola iliweza kumpa mtoto dawati, lakini haikuwa na njia ya kumpa mama yake kitu cha kumlisha mwezi wa Januari, ghala likiwa tupu na mavuno bado yako mbali. Njia pekee ilikuwa mahindi ya msaada, ambayo yalisubiri tangazo la njaa, idhini, malori na barabara inayopitika. Kaya haikusaidiwa mpaka ihesabiwe miongoni mwa wenye njaa rasmi.

Kisha uchumi ukayumba. Kodi ya maendeleo ilirejea katikati ya miaka ya 1980, pamoja na migambo wake waliowawinda wasiolipa, wakachukua kuku, baiskeli na mabati. Mwaka 1986 tulikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na katika miaka ya 1990 mwananchi akaanza kuchangia gharama hospitalini na shuleni. Kodi ile haikufutwa hadi mwaka 2003. Kwa maneno mengine, bibi niliyemtaja hapo mwanzo alikuwa mtu mzima kabisa wakati dola ilipokuwa bado inakuja mlangoni kuchukua. Miaka kumi baadaye ilikuja na orodha ya kutoa. Nani atamlaumu kwa kuwa na wasiwasi kwanza?

Wazo lilivyosafiri

Wengi husema kwamba ruzuku za fedha kwa maskini zililetwa Afrika kutoka Amerika ya Kusini. Ni nusu ya ukweli. Mexico ilianzisha mpango wa Progresa mwaka 1997, ikiwapa akina mama wa vijijini fedha kwa sharti la kuwapeleka watoto shule na kliniki. Nchini Brazil, miji ya Campinas na Brasília ilikuwa imetangulia mwaka 1995, na Oktoba 2003 serikali ya Lula ikaunganisha mipango kadhaa kuwa Bolsa Família. Mipango hiyo ilipimwa kwa kina, na matokeo yake yakaifanya Benki ya Dunia iwe mhubiri wa njia hiyo.

Lakini Afrika ilikuwa na historia yake. Afrika Kusini ilianza kulipa pensheni ya wazee mwaka 1928, kwa ubaguzi: Waafrika waliachwa nje hadi mwaka 1944, na hata hapo walilipwa kidogo kuliko wengine. Viwango vilipokaribia kusawazishwa katika miaka ya mwanzo ya 1990, utafiti wa Esther Duflo ulionyesha jambo la kuzingatiwa na kila mpangaji wa sera: mabinti walioishi na bibi anayepokea pensheni walikuwa na afya bora ya lishe, ilhali pensheni ya babu haikuleta tofauti hiyo. Zambia ilianza majaribio yake Kalomo mwanzoni mwa miaka ya 2000; Kenya ikaanza mwaka 2004 na kaya 500 zinazolea yatima.

Kwetu, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii ulianzishwa mwaka 2000. Awamu zake mbili za mwanzo zilijenga madarasa, zahanati na visima, zikatoa na ajira za muda. Uhawilishaji wa fedha ulianza kama jaribio. Vijiji 80 vya Bagamoyo, Chamwino na Kibaha vilichaguliwa, kisha vikagawanywa kwa bahati nasibu: 40 viliingia mara moja na 40 vilisubiri ili kulinganishwa. Malipo ya kwanza yalifanyika Januari 2010. Agosti 2012 Rais Jakaya Kikwete alizindua awamu ya tatu, na kufikia mwaka 2015 kaya zipatazo milioni 1.1, Bara na Zanzibar, zilikuwa zimeandikishwa. Ni vigumu kutaja shughuli nyingine ya dola yetu iliyofika katika nyumba nyingi kiasi hicho kwa muda mfupi kiasi hicho, ukiacha uchaguzi na sensa.

Kilichoonekana ndani ya kaya

Tathmini ya jaribio lile iliwafuatilia walengwa hadi mwaka 2012, na matokeo yake yanastahili kusomwa taratibu. Mwanzoni mahudhurio ya kliniki yaliongezeka sana, kisha yakapungua. Msomaji mwenye haraka angesema mpango umeshindwa. Lakini siku za kuugua nazo zilipungua, hasa kwa watoto wadogo. Pia kaya za walengwa zilianza kulipia matibabu kwa kujiunga na Mfuko wa Afya ya Jamii badala ya kusubiri mgonjwa azidiwe ndipo wauze debe la mtama. Waliokwenda kliniki mara chache zaidi walikuwa wanaugua mara chache zaidi.

Watoto walinunuliwa viatu. Kwa aliyekulia mjini jambo hilo ni dogo. Aliyetembea kilomita nne kwenda shule katika ardhi ya miiba na minyoo anajua kwamba kiatu ni sehemu ya elimu na ni sehemu ya afya. Uwezekano wa watoto, hasa wasichana, kumaliza darasa la saba uliongezeka. Na kaya zilinunua mbuzi na kuku.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu mbuzi hao mara nyingi hutajwa kwenye hotuba bila kueleweka. Ruzuku yenyewe ilikuwa ndogo. Katika mpango wa taifa, kaya ilianzia shilingi 10,000 kwa mwezi. Yenye watoto wengi na inayotimiza masharti yote haikuweza kuvuka shilingi 38,000, na malipo yalitolewa kila baada ya miezi miwili. Fedha kama hiyo haiwezi kumtajirisha mtu. Nguvu yake imo katika kutabirika. Kaya maskini huharibikiwa na mwezi mmoja mbaya kuliko inavyoharibikiwa na kipato kidogo cha mwaka mzima. Mwezi huo ndipo baba anapokwenda kufanya kibarua katika shamba la jirani wakati shamba lake mwenyewe linahitaji palizi. Ndipo mazao yanapouzwa yakiwa bado shambani, kwa bei ya kutupa. Ndipo mkopaji anapoangukia mikononi mwa wale wa kausha damu. Ndipo binti anapoachishwa shule. Elfu ishirini inayojulikana itakuja lini humwezesha mama kuupita mwezi huo bila kuuza kesho yake. Akishaupita, kuku wawili waliosalia huwa kumi, na kuku kumi huwa mbuzi. Kwa hiyo mbuzi wa Chamwino si jambo geni. Ni benki ile ile iliyovunjwa na vita na kodi, inayojengwa upya polepole.

Upande wa Kenya umetupatia ushahidi wa aina nyingine. Katika Kaunti ya Siaya, shirika la GiveDirectly lilitoa kiasi cha takriban dola 1,000 kwa kila kaya maskini, bila masharti, kwa njia ya simu, na kaya zaidi ya 10,000 zilipokea. Watafiti waliofuatilia vijiji 653 walikadiria kwamba kila dola moja iliyotolewa ilizalisha shughuli za kiuchumi zenye thamani ya kama dola 2.5 katika eneo hilo, huku bei zikipanda kwa kiasi kidogo mno. Majirani wasiopokea chochote nao walinufaika, kwa sababu fundi, mwenye duka na mwenye mashine ya kusaga walipata wateja. Hoja kwamba fedha ikimwagwa kijijini hupandisha bei tu haikuthibitika hapo.

Na pombe? Swali hili huulizwa katika kila semina, mara nyingi na watu wanaokunywa. Mapitio ya David Evans na Anna Popova, yaliyokusanya tafiti 19 kutoka mabara matatu, hayakuona ongezeko la matumizi ya pombe na tumbaku kutokana na ruzuku. Yupo mlengwa mlevi, kama alivyopo profesa mlevi. Hatufuti mishahara ya vyuo vikuu kwa sababu ya huyo wa pili.

Yasiyosemwa kwenye uzinduzi

Nisingekuwa mkweli kama ningeishia hapo. Mpango huu una majeraha, na mengi yanatokana na namna tunavyomtambua maskini.

Kaya huteuliwa kwa hatua tatu: kwanza maeneo, kisha mkutano wa kijiji hutaja walio hoi, kisha dodoso huhesabu paa, sakafu, mifugo na wategemezi ili kompyuta itoe jawabu. Kwa karatasi ni utaratibu mzuri. Kwa kijiji ambacho karibu kila mtu ni maskini, mstari unaotenganisha aliyeingia na aliyeachwa ni mwembamba kuliko uzi. Wajane wawili wanaoazimana chumvi wanaweza kuwekwa pande mbili za mstari huo kwa sababu mmoja ana mabati manne aliyoachiwa na marehemu. Nimewasikia watu wakisema bora asingepewa mtu kuliko kupewa jirani. Maneno hayo hayatoki kwenye uchoyo peke yake. Yanatoka kwenye kuona uamuzi mkubwa umefanywa na kitu ambacho mwananchi hawezi kukihoji.

Kisha zikaja kaya hewa. Uhakiki uliofanyika baada ya upanuzi wa haraka uliondoa makumi ya maelfu ya kaya: waliofariki, waliohama, viongozi wa vijiji na watu wenye uwezo. Hasira ya serikali na ya umma ilikuwa halali. Lakini katika operesheni za namna hiyo ndogondogo huumia: mzee asiye na mtu wa kumfikisha kwenye uhakiki, mama ambaye jina lake liliandikwa vibaya. Kaya hewa huonekana kwenye daftari. Maskini aliyefutwa kimakosa haonekani popote.

Masharti nayo yanahitaji kutazamwa bila ushabiki. Mtoto atakiwa kuhudhuria angalau asilimia 80 ya siku za masomo, na mtoto mchanga apelekwe kliniki. Ni mambo mema. Ila anayetembea kwenda kliniki, anayesimama foleni na anayekatwa fedha mtoto asipohudhuria ni mama. Na pale zahanati haina dawa au mwalimu ni mmoja kwa madarasa matatu, sharti humwadhibu mpokeaji kwa kosa la mtoaji. Utafiti uliofanyika Zomba, Malawi, na kuchapishwa mwaka 2011 unatupa tahadhari. Masharti yaliwabakiza wasichana wengi zaidi shuleni; lakini mimba na ndoa za mapema zilipungua zaidi kwa wale waliopewa fedha bila masharti, kwa sababu hata binti aliyekwisha kuacha shule aliendelea kuwa na kitu mkononi. Sharti lilimwacha peke yake yule aliyekuwa katika hatari kubwa kuliko wote.

Zipo pia ajira za muda, ambapo katika awamu hiyo ya tatu mwanakaya alianza kwa kulipwa shilingi 2,300 kwa siku kwa kuchimba lambo au kutengeneza barabara ya kijiji. Sizibezi, maana malambo hayo yanahitajika. Lakini nikikumbuka stakabadhi za babu yangu na barabara zilizolimwa na waliokosa kodi, najiuliza kwa nini kila enzi humwona maskini wa kijijini kama mtu anayepaswa kushika sululu kwanza ndipo aaminiwe.

Kodi ilikuwa sheria, ruzuku ni mradi

Sasa naomba tuziweke tena zile karatasi mbili pamoja. Stakabadhi ya babu ilitokana na sheria. Haikuwa na kipindi cha kwanza na cha pili, haikusubiri mfadhili, haikuhitaji tathmini ya kuthibitisha kama inafaa iendelee. Iliendelea kwa miongo. Kitambulisho cha bibi kinatokana na mradi. Kina awamu, kina mkopo wa Benki ya Dunia nyuma yake, na kina tarehe ya kufungwa. Dola yetu ilipotaka kuchukua, ilitunga sheria. Inapotaka kutoa, inaandika andiko la mradi.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 11, inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa kumsaidia mtu wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Ni maneno mazuri. Lakini ibara ya 7(2) inatamka kwamba masharti ya sehemu hiyo hayawezi kutekelezwa kisheria na mahakama yoyote. Kwa hiyo bibi akifutwa kwenye orodha anaweza kulalamika kwa mtendaji wa kijiji, kwa mratibu wa wilaya, au kwa Mungu. Mahakamani hana mlango. Jirani zetu wa Kenya, katika Katiba yao ya mwaka 2010, waliiweka hifadhi ya jamii miongoni mwa haki katika ibara ya 43, wakaitaka dola imsaidie asiyeweza kujikimu. Utekelezaji wao una kasoro nyingi, malipo huchelewa, lakini mwanaharakati wa Nairobi ana kifungu cha kushika. Na hapa hapa nyumbani, Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea shilingi 20,000 kwa mwezi. Hakuna dodoso la mabati wala mjane wa kuonewa wivu. Ukifika umri, umefika. Mfano huo haukuhitaji kutoka Brazil.

Tofauti hii inagusa uhusiano wote wa raia na serikali. Uchambuzi uliofuata jaribio la Bagamoyo, Chamwino na Kibaha uliona kwamba ruzuku iliongeza imani ya walengwa kwa viongozi wao wa kijiji, hasa pale ambapo mikutano ya kijiji ilikuwa ikifanyika. Karne nzima ya kodi ilijenga woga. Miaka miwili ya malipo yaliyofika na maelezo yaliyotolewa wazi ilianza kujenga kitu kingine. Lakini imani ya namna hiyo ni tete. Mwananchi akiona kwamba fedha inakuja karibu na uchaguzi na kuchelewa baada yake, au akiambiwa kwamba ni zawadi ya mkubwa fulani, atajifunza upya somo la zamani: kwamba dola ni mtu wa kuogopwa na kushukuriwa, si chombo chake.

Mara nyingi wanafunzi huniuliza kama fedha hizi zimeondoa umaskini vijijini. Hapana, wala hazikuweza. Shilingi 38,000 haitengenezi soko la alizeti, haileti mvua, haimfundishi mtoto ambaye hana mwalimu. Azimio la Arusha halikukosea kusema kwamba fedha peke yake haijengi nchi. Lilichokosa kuona ni kwamba bila fedha kidogo ya uhakika, kaya maskini haiwezi kuitumia nchi iliyojengwa. Huduma bila fedha ziliwaacha watoto nje ya darasa kwa kukosa sare. Fedha bila huduma itawapeleka watoto wenye viatu katika darasa lisilo na mwalimu. Vizazi viwili vya sera zetu vimeshika kila kimoja nusu ya ukweli.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma makala haya, ombi langu ni la kazi: jina linapofutwa, mhusika aelezwe sababu kwa maandishi, kwa Kiswahili, na apewe siku za kukata rufaa. Hilo halihitaji mkopo wala mfadhili. Kwa wanaharakati, acheni kupima mpango huu kwa idadi ya mbuzi, daini sheria. Kwa wanafunzi wangu, nendeni mkatafute stakabadhi za babu zenu kabla mchwa hawajazimaliza, mkaziweke kando ya vitambulisho vya bibi zenu.

Nilipokuwa naondoka Chamwino siku ile, nilimwuliza bibi atafanya nini ikiwa malipo yatasitishwa. Alikifunga tena kitambulisho chake kwenye fundo la khanga, akasema ataendelea kuwa na kuku. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, kama mimi niliyesoma najua yatasitishwa lini. Sikuwa na jibu, kwa sababu hakuna sheria yoyote ambayo ningeweza kuifungua na kumsomea.